Kichezeo cha Masikio ya Kipkirui

Mtoto alizaliwa saa ambazo watu wamelala, ndiyo maana akaitwa Kipkirui, na tangu siku hiyo mama yake hakupata tena usingizi wa maana. Mama huyo, Chepkurui, alikuwa kiziwi wa kuzaliwa. Wanawake wengine humlaza mtoto kando yao wakapitiwa na usingizi, kilio ndicho kikawaamsha. Yeye kilio kisingemwamsha hata kingepasua mabati. Kwa hiyo alilala ubavu, kiganja chake juu ya kifua cha mtoto, akisinzia na kuzinduka kama mlinzi wa geti. Kifua kile kikibadilisha mwendo kidogo tu, macho yake yalikuwa yameshafunguka.

Mumewe, Kiprotich, naye hakusikia. Tofauti yao ni kwamba yeye aliwahi kusikia. Alikuwa darasa la pili kule kwao Keringet homa ya uti wa mgongo ilipomshika, na alipopona, masikio yalikuwa yameenda nayo. Maneno aliyokuwa nayo mdomoni yalibaki, yakazeeka vibaya. Akiongea, watu wasiomzoea walimkodolea macho. Ila mama yake alimwelewa, naye alijua kusoma midomo ya mama yake. Kazi ya Kiprotich ilikuwa kupakia unga kwenye kinu kimoja mjini. Alirudi nyumbani mweupe mpaka kope, akala, akambeba mtoto kidogo, akalala fofofo.

Waliishi mtaa wa Free Area, vyumba viwili nyuma ya kinyozi. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani ya Chepkurui na mafungu ya yunifomu za shule ambazo wenyewe walishaanza kuzidai.

Siku walipompeleka mtoto kliniki, nesi alimchomeka kidude laini sikioni, akatazama mashine, akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: ANASIKIA. MASIKIO YOTE. Akatabasamu, akangoja nao watabasamu. Kiprotich alicheka mpaka akatoa machozi. Chepkurui alitabasamu pia, lakini njiani wakirudi alimtazama mtoto ndani ya shali, akahisi ameletewa mgeni kutoka nchi asiyoijua. Huyu angesikia mvua. Angesikia mbwa wa jirani. Kuna vitu angevijua kabla ya mama yake, tena bila kufundishwa na mtu. Wazo hilo hakumwambia yeyote. Alilionea haya, jinsi uchovu ulivyomfanya aone haya kwa kila kitu siku hizo.

Nesi huyohuyo aliwaeleza, kwa kuandika na kwa vidole, kwamba mtoto wa umri ule haoni mbali. Anaona kutoka titi mpaka uso wa mama, basi, na kinachomvutia ni nyeusi na nyeupe zikikaa pamoja. Hilo Chepkurui alilielewa mara moja. Alipofika nyumbani alichukua vipande vya mashati meupe na vya suruali nyeusi, akavishona kuwa kitambaa kinene chenye mistari upande mmoja na miraba upande wa pili. Alipokishika mbele ya uso wa Kipkirui, mtoto alitulia. Macho yake yalipanda mstari mmoja, yakashuka mwingine, polepole, kama mzee anayesoma gazeti. Kwa upande wa macho, basi, Chepkurui alijua la kufanya. Kwa upande wa masikio hakujua, na alikuwa ameamua kutolifikiria kwanza.

Aliyemlazimisha kulifikiria ni Gogo Linah, mama yake Kiprotich. Alifika kutoka Keringet asubuhi moja ya baridi, mwezi wa saba, na gunia la viazi, kibuyu cha maziwa ya mursik, na simu ya plastiki ya rangi ya waridi aliyoinunua Molo alipobadilisha gari. Simu ile ilikuwa na vitufe, na kila kitufe kilikuwa na wimbo wake na taa zake. Kabla hajavua koti aliibonyeza, akaiweka kando ya sikio la mjukuu.

Chepkurui hakujua simu ilisema nini. Alichokiona ni mtoto. Mikono iliruka juu, vidole vikapanuka, kisha ngumi zikajifunga chini ya kidevu. Kipkirui akageuza uso ukutani. Akashikwa na kwikwi. Gogo akabonyeza tena huku akicheka na kuongea. Alimwongelesha mtoto bila kupumzika, na Chepkurui, aliyeweza kusoma midomo ya Kiswahili kidogo, hakuambulia hata neno moja la Kipsigis. Akanyoosha mkono, akaichukua simu taratibu, akaiweka juu ya kabati.

Gogo akaishusha.

Wiki nzima ilikwenda hivyo. Simu ilipanda kabatini, ikashuka. Gogo hakuwa mtu mbaya. Alipika, alifua nepi kwa maji baridi mpaka vidole vikafa ganzi, alimlazimisha Chepkurui kunywa uji wa wimbi bakuli mbili mbili ili maziwa yatoke. Lakini hawakuwa na lugha. Walikuwa na vidole vya kuonyesha, na kichwa cha kutikisa, na kwa mambo mengine yote walimngoja Kiprotich arudi kutoka kazini.

Jumapili Kiprotich alikuwa nyumbani. Gogo alizungumza naye muda mrefu, akimtazama mtoto, hakumtazama Chepkurui hata mara moja. Alipomaliza, Chepkurui aliuliza kwa mikono, "Amesema nini?"

"Anasema viazi vimefanya vizuri mwaka huu."

"Kiprotich."

Kiprotich alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Anasema mtoto akifika miezi sita, akianza kula, amchukue Keringet. Akae na watoto wa ndugu yangu, asikie watu wakiongea. Anasema hapa atakua bubu, na masikio yake ni mazima."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia tutaona."

Chepkurui hakubishana. Hakuwa na nguvu za kuinua mikono. Alimchukua mtoto akaenda kumnyonyesha chumba cha ndani, macho yakimwasha, akijua kwamba mpango wa mama mkwe usiopingwa leo, kesho huwa umeshakuwa jambo la kawaida.

Jumatatu Gogo alipotoka kwenda kutafuta mboga, Chepkurui alimfunga mtoto kifuani, akamfunika kwa shali mbili, akaenda mjini. Mawazo yake yalikuwa mafupi: kama shida ni masikio, ataleta kitu cha masikio. Tena kizuri kuliko ile simu. Atakichagua yeye mwenyewe, mama wa mtoto, na Gogo atakosa la kusema.

Duka aliloingia lilikuwa jembamba na lenye vitu mpaka darini: baiskeli za magurudumu matatu, wanasesere ndani ya makaratasi, mipira iliyofungwa kwenye wavu. Msichana muuzaji, Khamisa, alikuwa na mimba kubwa. Alikuwa amekaa kwenye kistuli, miguu iliyovimba ameipumzisha juu ya katoni.

"Karibu, mathe," alisema bila kuinuka. "Unatafutia boy ama girl?"

Chepkurui aligusa sikio lake, akatikisa kichwa, akatoa simu yake akaandika: *Mimi ni kiziwi. Mtoto wangu anasikia. Nataka kitu cha sauti nzuri, cha mtoto mchanga.*

Khamisa akasoma, akamtazama, akasoma tena. Ndipo akainuka, mkono kiunoni. Alishusha ngoma ya plastiki, mbwa wa manyoya anayebweka, na kitu cha kuning'iniza juu ya kitanda kinachozunguka na kuimba. Kila kimoja alikiwasha, na kila kimoja Chepkurui aliuliza kwa maandishi, *Sauti iko aje?* Na kila mara Khamisa aliandika, *Iko poa.*

Ngoma ilikuwa poa. Mbwa alikuwa poa. Kile cha kuzunguka kilikuwa *poa sana, nyimbo ya Kizungu*.

Chepkurui alichukua ngoma akaigusisha kwenye mfupa wa taya, kama alivyofanya tangu utotoni akitaka kujua kitu kinavuma vipi. Ilimtetemesha meno. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua viatu vya mtoto aligeuka akamshangaa. Chepkurui akajaribu yule mbwa, naye akamtetemesha meno. Nguvu ya sauti aliweza kuijua kwa njia hiyo, uzuri wake hakuweza. Cherehani yake nayo ilitetemesha hivyohivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inaimba.

Hapo uchovu ulimshika miguu. Aliketi juu ya katoni ya Khamisa bila kuomba. Alijiona alivyo: mtu aliyekuja sokoni kununua kitu asichoweza kukionja, akitegemea neno la mwenye kukiuza. Gogo angekitazama tu na kujua. Mtu yeyote barabarani angejua. Hata huyu mtoto wa wiki chache angejua.

Kipkirui alikuwa ameamka. Alikuwa akinyonya ngumi, ametulia, ameshiba. Chepkurui alimtazama, na lile wazo alilokuwa akilionea haya tangu kliniki likamgeukia upande mwingine. Angejua. Basi aulizwe yeye.

Alimfungua shali, akamlaza mapajani, uso kwa uso. Akamwonyesha Khamisa kwa mkono: simama pale, mbali kidogo, pembeni, asikuone. Washa.

Khamisa akaelewa, akawasha ngoma. Mikono ya Kipkirui iliruka, paji la uso likakunjamana. Chepkurui akatikisa kichwa. Khamisa akambwekesha mbwa. Mtoto akafumba macho kwa nguvu, akageuka. Chepkurui akangoja mpaka atulie, akimpapasa tumbo, ndipo akainua mkono tena. Kile cha kuzunguka kilimfanya mtoto apige mwayo, kisha akaanza kukunja uso wa kulia.

Khamisa aliandika kitu, akamwonyesha: *Ukweli hata mimi huyo mbwa hunipasua kichwa. Watoto wakiingia huwa namficha.* Chepkurui alicheka bila kutarajia, na Khamisa akacheka, akishikilia tumbo lake.

Kisha Khamisa akainama kwa shida kwenye rafu ya chini, akapekua nyuma ya maboksi, akatoa kayamba ndogo ya kitambaa, nyeusi na nyekundu, yenye mbegu ndani. Haikuwa na betri. Vumbi lilionyesha haikuwa na wateja pia. Aliipangusa kwenye dera lake, akasimama pembeni, akaitikisa.

Kipkirui aliacha kunyonya ngumi. Mwili wote ulinyamaza. Hata miguu iliyokuwa ikirushwa hewani ilibaki pale ilipokuwa. Macho yakapanuka. Kisha, taratibu sana, macho yakaanza kwenda upande ule, na baada ya macho, kichwa chote kikafuata, kizito, kikiyumba, mpaka shavu likalala upande wa Khamisa.

Chepkurui hakuwa amewahi kuiona sauti. Alikuwa ameona watu wakigeuka ghafla, wakishtuka, wakicheka kwa jambo ambalo halikumfikia, na siku zote alibaki nyuma. Lakini hii aliiona ikitoka mkononi mwa msichana yule, ikapita hewani, ikafika usoni mwa mtoto wake, ikapokelewa. Akainua kidole: tena. Khamisa akatikisa tena. Mtoto akasikiliza. Mara ya tatu akageuza uso na kufumba macho, na Chepkurui akajua kwamba ameshiba hata hilo. Alionyesha kwa mkono, imetosha, na Khamisa akaielewa ishara ile bila kufundishwa.

Alipokuwa akifunga shali, Khamisa alimwekea simu mbele ya macho: *Wangu anakuja mwezi ujao. Nimwekee gani?*

Chepkurui aliandika: *Usimwekee. Ngoja afike umuulize.*

Alifika nyumbani mgongo ukimuuma, na Gogo alikuwa amesimama mlangoni. Hakuhitaji masikio kujua anapokelewa vipi. Mtoto mchanga, baridi hii, vumbi lile la mjini, na ruhusa ya nani? Gogo alimchukua Kipkirui, akampapasa miguu kuona kama imepoa. Chepkurui akamtolea kayamba. Gogo aliitikisa kando ya sikio lake mwenyewe, akakunja uso, akaitikisa tena kwa nguvu. Halafu, kwa Kiswahili, kwa mdomo mpana na wa polepole ili hata kiziwi aelewe, akasema:

"Hai-na sa-uti."

Mikono ya Chepkurui ilianza kabla hajaiambia. Ilisema mambo ya wiki nzima, kwa kasi, karibu igonge ukuta. Gogo aliitazama kidogo, hakuelewa kitu, akageuka kwenda jikoni. Kumgeuzia kiziwi mgongo ni kumfunga mdomo. Chepkurui alibaki katikati ya chumba, maneno yakiwa mikononi na hayana pa kwenda.

Kiprotich aliporudi, Chepkurui hakumruhusu hata kunawa. Alimsimamisha palepale mlangoni na unga wake.

"Sema kila kitu ninachosema," akamwambia kwa mikono. "Kila kitu."

"Mama amechoka. Wewe umechoka. Mimi nimechoka. Tule kwanza."

"Mwite."

Gogo alikuja na mtoto begani. Chepkurui akaanza, na mumewe akafungua mdomo, akasema neno, akafunga.

"Umefupisha," Chepkurui alisema. "Mikono yangu imesema mengi. Mdomo wako umefunguka mara moja. Rudia."

Kiprotich akarudia, safari hii polepole, kwa ile sauti yake iliyokwaruzika, na Chepkurui alihesabu kwa macho kila mdomo ulipofunguka.

"Anasema hajalala tangu mtoto azaliwe. Analala mkono uko juu ya kifua chake. Anasema wewe unafikiri yeye hamsikii mtoto. Anasema yeye anaona kilio kabla hakijatoka. Akitaka kulia midomo inakuwa myeupe, vidole vya miguu vinajikunja. Akichoka anaangalia ukuta. Ile simu yako inamchosha. Anaangalia ukuta kila ukiibonyeza, na wewe hujaona kwa sababu unasikiliza simu, humwangalii mtoto." Alisita. Chepkurui alimpiga bega. "Anasema… anasema ukimchukua Keringet, itabidi umchukue na yeye. Kwa sababu hata hapa ulipo umemkata maziwa ya leo. Kifua kimekauka kwa hasira."

Gogo alikaa kwenye benchi la cherehani. Alipoongea, alimtazama mwanawe, na Kiprotich akasahau kutafsiri. Alisimama tu, unga ukimdondoka mabegani. Chepkurui akamvuta mkono wa shati.

"Anasema nilikuwa naimba," Kiprotich alisema kwa mikono, taratibu. "Nikichunga ndama. Alikuwa ananisikia toka jikoni, akijua niko wapi. Anasema nilipotoka hospitali nilikaa mwaka mzima bila kufungua mdomo. Sikumbuki hiyo. Anasema alikuwa anaongea na ng'ombe, anajijibu mwenyewe, ili kuwe na mtu anayeongea boma lile. Anasema alipoingia hapa akakuta kumenyamaza vilevile. Akaogopa. Ndiyo maana anabonyeza ile simu."

Kipkirui alijinyoosha begani mwa bibi yake, midomo ikaanza kuwa myeupe. Chepkurui aliona, akanyoosha kidole. Gogo akakifuata kile kidole, akamtazama mtoto usoni, na wakati huohuo kinywa cha mtoto kikafunguka kulia. Gogo akainua nyusi.

Chepkurui alimchukua mtoto, akamnyonyesha. Maziwa yakatoka, machache, yakatosha. Alipomaliza alimrudisha mapajani mwa Gogo, akamgeuza awe uso kwa uso naye, karibu.

"Mwambie aongee naye," alimwambia mumewe. "Sauti ya chini. Kitu chochote. Akigeuka anyamaze, amngoje."

Gogo akainama. Chepkurui hakujua alisema nini, na safari hii hakuuliza. Mtoto alinyamaza mwili mzima kama kule dukani. Aliutazama mdomo wa bibi yake ukienda. Kisha mdomo wake mwenyewe ukaanza kujaribu: ukafunguka, ukawa duara, ukafunga, ulimi ukachungulia. Alikuwa akitafuta jinsi ya kujibu. Wivu ulimchoma Chepkurui, wivu wa kweli. Hilo yeye hangeweza kumpa. Na palepale, nyuma ya wivu, akahisi mabega yake yanashuka. Kumbe si lazima alete kila kitu peke yake.

Kipkirui akageuza uso. Gogo akanyamaza, akangoja. Mtoto akarudi.

Chepkurui alijilaza kitandani na viatu vyake, jua halijazama bado, akalala. Hakuota kitu. Mtoto alipohitaji kunyonya, Gogo alimwamsha Chepkurui kwa kumgusa unyayo, kisha akamchukua mtoto tena, na Chepkurui akalala tena.

Gogo alikaa wiki mbili zaidi. Alijifunza ishara chache, nyingi vibaya. Ya maziwa aliipinda ikawa inakamua ng'ombe asiyekuwepo, na wakaiacha hivyo. Habari ya Keringet haikumalizika. Siku ya kuondoka aliigusia tena kwa Kiprotich, kwamba likizo ya Desemba si mbaya, siku chache tu, wote watatu. Chepkurui akasema siku chache sawa. Walikubaliana pia kwamba viazi vikishachimbwa Gogo angeshuka kila alipopata mtu wa kumkamulia ng'ombe, akae wiki, aongee na mjukuu wake.

"Anauliza aje na kichezeo gani," Kiprotich alitafsiri, mzigo ukiwa begani.

Chepkurui alifikiri. Mtoto alikuwa ameanza kushikashika vitu, akivikosa vingi.

"Kitu chepesi. Cha kushika. Kinachoweza kuingia mdomoni bila kumuumiza. Na kisiwe na betri."

Gogo alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, jinsi wanavyokubali watu ambao bado wana mawazo yao. Akambusu mtoto utosini, akaondoka na Kiprotich kuelekea barabarani.

Nyumba ilibaki na watu wawili. Shule zilikaribia kufunguliwa, na mashati yalikuwa hayajawekwa vifungo. Chepkurui alimlaza Kipkirui kwenye beseni kubwa lililotandikwa blanketi, akaliweka karibu na mguu wake mahali ambapo angemwona bila kugeuka, akavuta shati la kwanza.